Shajara ya Mradi: Wadudu Wawindaji na Vidukari katika Shamba la Mitufaa na Mipichi

Kabla ya macho ya miti kufumka

Mradi huu unalenga kujua ni kwa kiasi gani wadudu wanaokula vidukari, yaani wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wanaweza kuachiwa kazi ya kuwadhibiti katika shamba lenye mitufaa upande mmoja na mipichi upande mwingine, bila kupuliza viuatilifu vinavyoua wadudu wa kila aina. Badala ya kuuliza ni mdudu gani aletwe, tumeamua kuuliza ni kitu gani kinawazuia wale ambao tayari wamo. Katika ukaguzi wa awali, chini ya magome yaliyobanduka na ndani ya majani makavu yaliyorundikana mashinani pa miti, tulikuta wadudu kobe, yaani wale mbawakawa wa mviringo wenye madoa, wakiwa wamejikusanya, pamoja na buibui wa aina kadhaa, na chini kidogo ya udongo wadudu koleo wenye kibano mkiani. Shamba halikuwa tupu.

Pendekezo la kununua wadudu kobe na kuwaachilia lilijadiliwa na kukataliwa, na ni vyema sababu ziandikwe hapa ili mjadala huo usianzwe upya kila msimu. Wanaolitetea hutaja mfano maarufu wa California, ambako kuanzia mwaka 1888 Albert Koebele alipeleka kutoka Australia mdudu kobe aitwaye Rodolia cardinalis, naye kwa muda mfupi akaiokoa michungwa na milimau iliyokuwa ikiangamizwa na mdudu mweupe mfyonza utomvu, Icerya purchasi. Mfano huo ni wa kweli, lakini hauhusu hali yetu. Icerya alikuwa mgeni aliyefika bila adui wake, na Rodolia ni mwindaji ambaye chakula chake hasa ndicho hicho. Alipofikishwa penye chakula alikaa na kuzaana. Wadudu kobe wanaouzwa kwa wingi leo, hasa Hippodamia convergens, hukusanywa milimani wakiwa katika mapumziko ya msimu wa baridi, na wakiachiliwa katika shamba la wazi wengi wao huruka na kutawanyika ndani ya siku chache, hata kama vidukari wamejaa mbele yao. Aina nyingine, Harmonia axyridis kutoka Asia, iliachiliwa Marekani na Ulaya katika karne ya 20. Haikukimbia, ikaenea hadi ikawa yenyewe ni tatizo, kwa kuwa hula mayai na lava (wadudu wachanga waliotoka kwenye mayai) wa wadudu kobe wenyeji na hujipenyeza majumbani kwa makundi msimu wa baridi unapokaribia. Hatuoni sababu ya kulipia lolote kati ya mambo hayo mawili.

Kazi nyingine ya kipindi hiki ilikuwa kutafuta mayai. Mayai ya vidukari ni meusi, yanang'aa, yana urefu wa karibu nusu milimita, na hubandikwa kwenye mikunjo iliyo karibu na macho ya matawi. Mistari iliyoonekana kuwa na mayai mengi ilipuliziwa mafuta ya madini wakati miti ingali imelala, kwa kuwa mafuta hayo huziba hewa ya yai na hayaachi sumu baada ya kukauka, na wakati huo wawindaji wengi hawapo kwenye vijitawi. Mistari mingine imeachwa kama ilivyo kwa ajili ya kulinganisha.

Macho yanafumka

Mayai yameanguliwa sambamba na kufumka kwa macho, kama ilivyotarajiwa. Kila kidukari anayetoka kwenye yai ni jike mwanzilishi asiyehitaji dume. Huzaa watoto hai, na ndani ya miili ya watoto hao mimba za kizazi kinachofuata zimekwisha kuanza. Hewa ikiwa na joto la wastani, mtoto huanza kuzaa akiwa na umri wa siku 7 hadi 10. Mdudu kobe, kwa upande wake, huhitaji takriban wiki 3 hadi 4 kutoka yai hadi utu uzima. Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa mradi: hakuna mwindaji anayeweza kumshinda kidukari kwa kuzaana, bali anaweza kumshinda kwa kufika mapema, makundi yakiwa bado machache na madogo.

Katika mitufaa tumetambua aina tatu, nazo hazistahili kutendewa sawa. Dysaphis plantaginea, mwenye rangi ya kijivu iliyochanganyika na uwaridi, ndiye wa kuogopwa, kwa sababu makundi machache tu yakianza mapema yanatosha kukunja majani yanayozunguka kishada cha maua na kuyaacha matunda yakiwa madogo na yenye makunyanzi. Aphis pomi, wa kijani, hukaa kwenye ncha za machipukizi na katika mti mkubwa madhara yake ni madogo. Kwa maoni yetu anafaa kuvumiliwa, kwa kuwa ndiye chakula kitakachowaweka wawindaji shambani baadaye. Wa tatu ni Eriosoma lanigerum, anayejifunika kwa nyuzi za nta zinazofanana na sufi, ambaye habari zake zitafuata. Katika mipichi tuliyemwona hadi sasa ni Myzus persicae.

Kuhusu mipichi inafaa kuweka mpaka wa matarajio tangu mwanzo. Vidukari hueneza virusi vinavyosababisha madoa ya pete katika miti ya jamii ya plamu na pichi, na virusi hivyo huambukizwa kidukari anapoonja jani kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya dakika moja, kisha akaruka hadi mti mwingine na kuonja tena. Hakuna mdudu kobe anayeweza kuingilia kati kwa kasi hiyo, na kidukari aliyebughudhiwa na mwindaji huweza hata kuhama zaidi. Kinga dhidi ya virusi ni miche safi na kung'oa miti iliyoambukizwa. Mradi huu unashughulikia uharibifu wa kufyonza utomvu, na matokeo yake yasitumiwe kudai zaidi ya hapo.

Ukaguzi umepangwa kuwa wa kila wiki, machipukizi 10 kwa kila mti uliochaguliwa, na katika kila chipukizi mkaguzi huandika kama vidukari wapo, kama sisimizi wapo, na ni wawindaji wa aina gani walioonekana kwa kioo cha kukuzia. Hatuhesabu vidukari mmoja mmoja. Kuwahesabu hula muda mwingi na hakubadilishi uamuzi wowote.

Maua yamedondoka

Kipindi hiki chote kimetawaliwa na sisimizi, na sasa ni wazi kwamba bila kuwashughulikia wao hakuna jambo jingine litakaloeleweka.

Katika mstari ambao miti yake haikufungwa mikanda ya gundi ya kuwazuia sisimizi, kwenye chipukizi lenye kundi la Aphis pomi, lava wa mdudu kobe alikuwa akipanda kutoka chini. Lava huyu hafanani kabisa na mzazi wake: ni mrefu, mwenye rangi ya kijivu cha moshi na madoa ya manjano, miguu yake sita ikichomoza pembeni, na mtu asiyemjua angemponda akidhani ni mharibifu. Alipolifikia kundi alimshika kidukari wa pembeni kwa taya, na kabla hajamaliza kumfyonza, sisimizi wawili walimfikia, mmoja akamuuma mguu, mwingine akampanda mgongoni. Alitoa matone ya manjano kwenye viungo vyake, ambayo ndiyo silaha yake, lakini wakaongezeka wengine, na hatimaye akaanguka chini kwenye nyasi. Sisimizi waliobaki waliendelea kuwapapasa vidukari kwa vipapasio vyao, na kila aliyepapaswa akatoa tone la majimaji matamu. Utomvu wa mti una sukari nyingi na protini kidogo, hivyo kidukari hulazimika kufyonza mwingi kupita mahitaji yake ya sukari, na ziada anayoitoa ndiyo ujira wa mlinzi wake. Ziada hiyo isipochukuliwa hudondoka juu ya majani na matunda na kuotesha ukungu mweusi.

Mikanda ya gundi imefungwa katika nusu ya mistari. Mafundi wameelekezwa kutopaka gundi moja kwa moja kwenye gome, hasa la miti michanga, bali kuzungusha kwanza karatasi ngumu au plastiki na kupaka gundi juu yake. Chini ya karatasi huwekwa pamba ili kuziba mifereji ya gome, kwa kuwa sisimizi hupata njia kwenye upenyo wowote unaowatosha. Jambo linalosahaulika ni madaraja: tawi linalogusa nyasi, magugu marefu, nguzo ya kuegemezea mti, waya wa umwagiliaji. Mti mmoja wenye mkanda uliofungwa vizuri ulikuwa na sisimizi wengi kuliko jirani yake usio na mkanda, na sababu ilikuwa tawi moja tu lililoinama hadi chini. Mikanda inakaguliwa pamoja na machipukizi, kwa kuwa vumbi na majani makavu hugeuza gundi kuwa barabara.

Katika kona moja ya mitufaa tunajaribu njia tofauti, ya kuwawekea sisimizi vyombo vya maji ya sukari karibu na mashina. Hoja ni kwamba wakiipata sukari kwa urahisi zaidi chini, baadhi yao wataacha kupanda kuilinda juu. Njia hii imefanyiwa majaribio ya kitaalamu katika mashamba ya matunda na ikaonekana kupunguza ulinzi wa sisimizi juu ya vidukari. Upande wake mzuri ni kwamba haimzuii mdudu mwingine yeyote, nao sisimizi wenyewe wana faida zao shambani, kwa kuwa huwinda viwavi na kulainisha udongo. Upande mbaya ni kwamba vyombo hukauka na vinahitaji kujazwa mara kwa mara.

Majani yamejikunja

Makundi ya Dysaphis yaliyonusurika mafuta ya madini sasa yamo ndani ya majani yaliyojiviringisha, na shinikizo la kupuliza limeanza. Ni jambo la kueleweka, kwa sababu mti wenye vishada kadhaa vilivyokunjamana huonekana kama mti uliokwisha kushindwa. Kabla ya uamuzi wowote tulikubaliana kufungua majani hayo na kuangalia kilichomo.

Kilichomo kilikuwa kingi kuliko tulivyotarajia. Katika jani lililofunguliwa juu ya karatasi nyeupe walionekana vidukari wakiwa katikati ya maganda meupe waliyoyavua, na kati yao lava wa nzi wa maua, aliye laini, asiye na miguu wala macho, mwenye rangi ya kijani hafifu inayopitisha mwanga, hata mstari mweusi wa chakula kilichomo tumboni mwake ukaonekana. Alipogusa kidukari kwa ncha ya mwili wake alimnasa, akamwinua juu akiwa anachezesha miguu hewani, na akamnyonya hadi kubaki ganda tupu. Wengi wa lava hawa hula zaidi usiku, na mchana hujificha ndani kabisa ya mkunjo, ndiyo maana ukaguzi wa haraka wa juu juu hudai kwamba hawapo. Mmoja huweza kumaliza mamia ya vidukari kabla ya kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya utu uzima, na pupa wake, aliyebandikwa kwenye jani au gome, ana umbo la tone la maji.

Karibu yake walikuwamo lava wengine wadogo zaidi, wa rangi ya chungwa, wenye urefu usiozidi milimita 3. Hawa ni wa usubi aitwaye Aphidoletes aphidimyza. Lava wake humtambaalia kidukari, humuuma kwenye kiungo cha mguu na kumdunga sumu inayomfanya asijongee, kisha humfyonza. Makundi yakiwa makubwa huua wengi kuliko anaoweza kula, na mabaki yao hukauka hapo hapo yakiwa meusi, midomo yao bado imechomekwa kwenye jani. Akimaliza kukua hujidondosha chini na kuwa pupa udongoni. Kwa hiyo udongo wa chini ya miti haupaswi kulimwa katika kipindi hiki, na agizo hilo limetolewa.

Mayai ya wadudu wa mabawa ya wavu yalionekana pia, kila moja likiwa limening'inizwa kwenye ncha ya uzi mwembamba kama unywele. Uzi huo hulinda mayai dhidi ya wawindaji, wakiwamo lava wa aina hiyo hiyo, ambao hula chochote kilicho laini kilicho karibu nao. Lava hao wana taya mbili ndefu zilizopinda kama mundu na zenye mfereji ndani; humtoboa kidukari, humwingizia vimeng'enya, na kumnywa.

Kwa hiyo uamuzi wa kupuliza umekataliwa kwa vishada hivi, na sababu si huruma kwa wawindaji pekee. Sabuni ya kuulia wadudu hufanya kazi kwa kumgusa mdudu, na ndani ya jani lililoviringika haimfikii. Kemikali za kundi la pairethroidi zingewafikia wawindaji wanaotembea juu ya majani kabla ya kuwafikia vidukari waliojificha, na inajulikana kwamba katika mitufaa matumizi yake mara nyingi hufuatiwa na mlipuko wa utitiri, kwa kuwa adui za utitiri nao huwa wamekufa. Hata dawa zenye asili ya viumbe hai si salama kwa jina hilo tu: spinosadi hutokana na bakteria wa udongoni na inaruhusiwa katika kilimo hai sehemu nyingi, lakini ni sumu kali kwa wadudu koleo na kwa nyigu vimelea, ambao lava wao hukua ndani ya vidukari.

Kilichofanyika badala yake ni kukata kwa mkono vishada vilivyoharibika zaidi katika miti michanga, na kuviacha ndani ya vikapu kwenye kivuli, chini ya miti yenye mikanda. Jani likinyauka kidukari hukosa chakula, na mkanda wa gundi humzuia kurudi juu kwa miguu. Lava na nyigu waliomo hupata nafasi ya kukamilisha ukuaji wao na kuruka. Vishada vilivyochomwa moto katika misimu iliyopita, kama ilivyokuwa desturi ya shamba, bila shaka viliteketea pamoja na walinzi wake.

Maua ya kati ya mistari

Nzi wa maua waliokomaa hawali vidukari. Jike huhitaji chavua ili mayai yake yapevuke na nekta ili apate nguvu ya kuruka, na hali ni hiyo hiyo kwa wadudu wa mabawa ya wavu wa jenasi ya Chrysoperla, ambao utu uzimani huishi kwa nekta, chavua na majimaji matamu ya vidukari wenyewe. Mitufaa ikishamaliza maua yake, shamba lililofyekwa mpaka udongo haliwapi kitu.

Kati ya mistari tulipanda giligilani, bizari na alisamu. Sharti kuu la uteuzi lilikuwa kina cha ua, kwa kuwa nzi wa maua na nyigu wadogo wana midomo mifupi na hawawezi kufikia nekta iliyo chini ya mrija mrefu. Maua ya kuvutia macho mara nyingi ni ya nyuki wenye ulimi mrefu. Ufyekaji unafanywa kwa zamu, mstari mmoja ukifyekwa wa pili unaachwa. Alisamu ndiyo iliyowahi kuchanua na ndiyo yenye wageni wengi zaidi hadi sasa. Giligilani ilichelewa.

Magugu ya jenasi ya Plantago, yenye majani mapana yaliyolala chini, yanaondolewa popote yanapoonekana, kwa sababu Dysaphis huhamia kwenye mimea hiyo katikati ya msimu na kurudi kwenye mitufaa kutaga mayai. Kuyang'oa yote ndani na nje ya shamba haiwezekani, na hatutarajii mengi kutokana na hatua hii.

Matunda yananenepa

Habari njema ya kipindi hiki imetoka kwa nyigu vimelea. Ni wadogo kiasi kwamba mtu huwaona kwa kazi yao kabla ya kuwaona wenyewe: kidukari huvimba, huwa wa mviringo, na ngozi yake hugeuka ganda la rangi ya kahawia iliyopauka, lililogandamana na jani. Ndani yake lava wa nyigu amemla kila kitu. Akikomaa hukata kwenye ganda tundu la duara lenye ukingo safi na kutoka. Wakaguzi wamefundishwa kutazama ukingo huo, kwa kuwa kuna nyigu wa pili ambaye hushambulia lava wa nyigu wa kwanza, na tundu lake huwa na ukingo uliochanikachanika. Maganda mengi yenye matundu ya aina hii ya pili humaanisha kwamba nguvu ya nyigu vimelea inapungua, hata kama maganda yenyewe ni mengi. Kwa sasa matundu safi ndiyo mengi zaidi, na mengi yamo katika mistari yenye mikanda, ambako sisimizi hawapo kumsumbua nyigu anapotaga.

Eriosoma ana nyigu wake mahususi, Aphelinus mali, mwenye asili ya Amerika Kaskazini, ambaye alipelekwa New Zealand na nchi nyingine nyingi katika karne ya 20 na kuwa mojawapo ya mafanikio yanayojulikana sana katika kazi hii. Kidukari aliyeshambuliwa naye hupoteza sufi yake na kuwa ganda jeusi, na ukipuliza pumzi juu ya kundi, maganda hayo huonekana wazi. Yapo shambani. Mipaka miwili ya nyigu huyo ni kwamba huchelewa kuanza kazi hewa ikiwa ya baridi, na kwamba hafiki kwenye mizizi, ambako sehemu ya Eriosoma huishi na kusababisha vinundu. Kwa mizizi dawa ya kudumu ni shina la kuunganishia, yaani lile lenye mizizi ambalo aina ya tufaa hupandikizwa juu yake, lenye ukinzani, kama yale ya mfululizo wa MM (Malling-Merton), ikiwamo MM106, yaliyozalishwa Uingereza kwa kutumia ukinzani wa aina ya tufaa iitwayo Northern Spy. Miti ya zamani ya shamba hili haikuunganishwa juu ya mashina hayo.

Hapa ndipo mradi ulipokutana na mgongano ambao hatukuupa uzito wa kutosha wakati wa kupanga. Wadudu koleo, hasa Forficula auricularia, ni wala vidukari wakubwa, na kwa Eriosoma ni miongoni mwa wawindaji wa maana kuliko wote, kwa kuwa hufanya kazi usiku kucha hata kabla Aphelinus hajashika kasi. Lakini hupanda mti kwa kutembea juu ya shina. Mkanda unaomzuia sisimizi humzuia na yeye. Katika mitufaa yenye mikanda, makundi ya Aphis pomi yamepungua waziwazi, ilhali Eriosoma kwenye makovu ya kupogolea na kwenye magome ya chini ya matawi ameongezeka kuliko katika mistari isiyo na mikanda. Mtu akitazama kidukari mmoja tu, angesifu mkanda au kuulaani, na pande zote mbili angekuwa na takwimu za kumuunga mkono.

Suluhisho linalojaribiwa sasa ni mahali pa kujificha juu ya mkanda. Vipande vya katoni yenye mifereji vimeviringishwa na kufungwa kwenye maungio ya matawi, baada ya kutundikwa kwanza katika mistari isiyo na mikanda ili wadudu koleo waingie alfajiri. Vikijaa huhamishiwa juu ya mikanda. Mdudu huyu hupenda kukaa mahali pembamba ambapo mgongo na tumbo vyake vyote vinagusa kitu, na mifereji ya katoni inampa hivyo hasa. Akiwekwa juu ya mkanda hana haja ya kushuka upesi, kwa kuwa chakula na maficho vyote vipo. Vipande vya mwanzo vilivyokaguliwa vilikuwa na wakazi, na kwenye gome la karibu navyo sufi ya Eriosoma ilikuwa imetatuliwa na kubaki vishungi.

Katika mipichi jambo hilo halitafanywa. Mdudu koleo hutoboa matunda laini yanayokaribia kuiva, hasa yaliyopasuka au kuguswa na ndege, na pichi lenye tundu haliuziki. Kwa hiyo huko mikanda itabaki hadi mwisho wa mavuno, ikizuia sisimizi na wadudu koleo kwa pamoja. Mgongano uliotusumbua katika mitufaa umekuwa faida upande huu wa shamba. Myzus kwenye mipichi ameachiwa wadudu kobe na nzi wa maua, ambao huja kwa kuruka.

Baada ya mavuno

Matunda ya Dysaphis, yaani yale madogo yenye makunyanzi, yalitengwa wakati wa kuchambua na yakaandikwa kwa mstari. Tofauti kubwa zaidi haikuwa kati ya mistari yenye mikanda na isiyo nayo, bali kati ya iliyopuliziwa mafuta ya madini wakati wa usingizi na isiyopuliziwa. Hilo linakubaliana na hesabu ya mwanzo kuhusu kuwahi: wawindaji waliingia katika majani yaliyojikunja na wakafanya kazi kubwa, lakini kwa kidukari huyu mmoja uharibifu wa tunda hukamilika kabla yao. Kwa Aphis pomi na Eriosoma hali ni kinyume, na huko hatuoni tena haja ya kupuliza chochote. Katika mipichi ncha za matawi zilizokunjwa na Myzus zilichipua upya baada ya wadudu kobe kuzisafisha, isipokuwa katika mistari miwili iliyo karibu na mfereji.

Mistari hiyo ya mfereji ilikuwa na tatizo jingine. Ndiyo iliyopata mbolea nyingi zaidi ya naitrojeni, ikatoa machipukizi marefu, laini, yaliyoendelea kukua wakati miti mingine imekwisha kutulia, na vidukari walidumu hapo hadi mwisho. Kiwango cha mbolea kitapunguzwa na machipukizi ya wima yasiyozaa yataondolewa mapema kwa mkono.

Kwa msimu ujao yamekubaliwa haya. Mafuta ya madini yatapulizwa katika mitufaa yote yenye historia ya Dysaphis, macho yakiwa bado yamefumba. Mikanda ya mitufaa itafungwa maua yanapoanza kudondoka na kufunguliwa mara wadudu koleo wachanga watakapoonekana wakianza kupanda usiku, isipokuwa katika kona ya maji ya sukari, ambayo itapanuliwa ili ilinganishwe na mikanda katika eneo lenye ukubwa unaofaa. Majani makavu mashinani hayatafagiliwa hadi miti itakapochipua. Vipande vya katoni vilivyotumika vimekaushwa na kuhifadhiwa, na fundi wa kupogoa ameombwa ayaache makovu yenye Eriosoma yaliyokwisha kuwa meusi kwa kazi ya Aphelinus, kwa kuwa nyigu wa mwaka ujao bado wamo ndani.